Tunahamishwa kutoka Texas kwenda New York: sheria gani inatulinda tunaosomesha watoto nyumbani?

SWALI: Mume wangu ni sajenti katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Tunaishi Killeen, Texas, na mimi ndiye ninayewasomesha watoto wetu nyumbani. Wa kwanza ana miaka 12, wa pili 9, na kitinda mimba atafikisha 6 mwezi Machi. Sasa mume wangu amepewa oda ya kuhamia Fort Drum, New York, na tunatakiwa tuwe huko Januari. Wenzangu wa hapa kambini wamenichanganya. Mmoja anasema kwa kuwa makazi ya kisheria ya mume wangu ni Texas, tunaendelea na sheria za Texas popote tutakapopelekwa. Wa pili anasema upo mkataba wa majimbo yote unaowalinda watoto wa wanajeshi. Wa tatu amenitia hofu kwamba New York huwanyang'anya wazazi watoto. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, pole na hekaheka za kufunga mizigo. Naanza na huyo mwenzako wa kwanza, maana kosa lake ndilo nililoliona likiwaponza wengi, na kinacholifanya liaminike ni kwamba limejengwa juu ya jambo la kweli.

Ni kweli ipo sheria ya shirikisho inayoitwa SCRA, ya mwaka 2003, inayomruhusu mwanajeshi abaki mkazi wa jimbo lake hata akihamishwa mara kumi. Kwa sheria hiyo mume wako hapotezi ukazi wa Texas kwa sababu tu ametumwa New York, na mshahara wake wa jeshi hautozwi kodi ya mapato ya New York. Mwaka 2009 Bunge la Marekani likawaongeza wake na waume wa wanajeshi katika nafuu hiyo. Lakini angalia nafuu yenyewe inahusu nini: kodi, kura, usajili wa gari. Masomo ya watoto hayamo. Sheria ya elimu ya lazima haiulizi baba anapigia kura wapi, inauliza mtoto analala wapi. Siku mtakapoanza kuishi New York, watoto wako watakuwa chini ya kanuni za New York, hata kama leseni ya udereva ya baba yao ni ya Texas na itabaki hivyo hadi astaafu.

Tena wengi huchanganya makazi ya kisheria na ule mji ulioandikwa kwenye karatasi za kuingilia jeshini. Mji ule hutumika zaidi kukadiria gharama za safari mwanajeshi anapomaliza utumishi. Hauna uhusiano wowote na shule.

Usiitupe SCRA lakini, kwa sababu inakusaidia upande mwingine wa uhamisho huu huu. Kwa nakala ya oda, mume wako anaweza kuvunja mkataba wa nyumba ya kupanga Killeen kabla ya muda wake, na vilevile mkataba wa intaneti mliyokuwa mkiitumia kwa masomo kama haipatikani huko mnakokwenda. Hakikisheni notisi ni ya maandishi na nakala ya oda imeambatishwa.

Twende kwa mwenzako wa pili. Mkataba anaousema upo, nao ni mzuri. Unaitwa Mkataba wa Majimbo kuhusu Fursa za Elimu kwa Watoto wa Wanajeshi, na chombo kinachousimamia hujulikana kwa kifupi kama MIC3. Ulianza kufanya kazi mwaka 2008, na kufikia 2014 majimbo yote 50 pamoja na Washington, D.C. yalikuwa yameupitisha, New York likiwa la mwisho. Unalazimisha shule impokee mtoto kwa nakala za muda za kumbukumbu zake, impe siku 30 za kukamilisha chanjo, asirudishwe darasa kwa sababu jimbo jipya lina umri tofauti wa kuanza, na asinyimwe cheti cha sekondari kwa sababu ya somo moja lililokuwa halifundishwi alikotoka.

Kasoro yake kwako ni moja tu, nayo ni kubwa. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya mtoto anayetoka shule ya umma kwenda shule ya umma. Mtoto aliyesomeshwa nyumbani hayumo. Ukifika New York ukaamua huyu wa miaka 12 aingie shule, usitegemee vifungu vya mkataba kuhusu kumbukumbu na madarasa. Shule itampima yenyewe na kuamua aketi wapi. Ndiyo maana nitakusisitizia makaratasi hapa chini hadi uchoke.

Ukweli ni kwamba hakuna sheria ya shirikisho inayomwambia jimbo lolote lipunguze masharti yake kwa sababu mzazi ni mwanajeshi. Ulinzi mkubwa ulionao uko pengine, ndani ya Katiba. Mwaka 1925, katika kesi ya Pierce iliyotoka Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu, na kwamba wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwandaa kwa maisha. Miaka miwili kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta hatia ya mwalimu mmoja wa Nebraska, Robert Meyer, aliyetozwa faini kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani. Nakutajia kesi hiyo ya Meyer makusudi, kwa sababu najua kuna akina mama wanaosita kuwafundisha watoto wao Kiswahili kwa kuhofia itaonekana vibaya. Haki yako ya kumpa mtoto lugha ya bibi yake ilishatetewa mahakamani miaka 100 iliyopita. Fundisha. Kwenye karatasi za New York liandike kama somo la nyongeza, ukikamilisha yale ya lazima kwa Kiingereza.

Lakini kesi hizo hizo zinalikubalia jimbo liweke masharti ya kiasi, na hapo ndipo Texas na New York zinapoachana kama mbingu na ardhi. Texas wewe umeizoea. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati ni shule binafsi. Unafundisha kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, na hakuna mtu unayempelekea barua. New York ina kanuni yake, namba 100.10, na kila hatua ina tarehe.

Hatua ya kwanza ni barua ya kusudio. Wanaoishi New York tayari huipeleka kabla ya tarehe 1 Julai kila mwaka. Ninyi mnaoingia katikati ya mwaka mna siku 14 tangu mnapoanza masomo ndani ya wilaya hiyo ya shule. Tuseme mmefika, mmepata nyumba, na tarehe 20 Januari watoto wamefungua vitabu mezani. Barua iwe mikononi mwa mkurugenzi wa wilaya ya shule kabla ya tarehe 3 Februari. Barua yenyewe ni fupi: majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, anwani, na sentensi moja kwamba unakusudia kuwasomesha nyumbani. Usieleze sababu. Hawakuuliza.

Hapa kuna utata wa Fort Drum ambao watu wengi hawaujui. Kambi hiyo haina shule ya Wizara ya Ulinzi kama zilizopo Fort Bragg au Fort Campbell. Watoto wake husoma katika wilaya za umma za jirani, Carthage au Indian River, kutegemea nyumba uliyopewa iko mtaa gani wa kambi. Ukipanga mjini Watertown, ni wilaya nyingine tena. Kwa hiyo huwezi kujua barua yako inakwenda kwa nani hadi ujue anwani. Kila kambi ina afisa kiungo wa shule, na kazi yake hasa ni maswali ya namna hii. Mpigie ukiwa bado Texas. Na ukisikia mtu akisema kambi ni ardhi ya shirikisho hivyo jimbo halina neno ndani ya geti, usiwaweke watoto wako rehani kwa hoja hiyo. Fuata utaratibu wa New York.

Wilaya ikishapokea barua ina siku 10 za kazi kukutumia nakala ya kanuni na fomu ya mpango wa masomo wa kila mtoto, ambao wenyewe huuita IHIP. Wewe una wiki 4 za kuurudisha. Mpango huu ndio huwatisha akina mama, na ukiutazama kwa karibu si mnyama mkali. Unaandika somo, kitabu, na utakachofundisha. Kwa huyu wa miaka 9 mstari mmoja unaweza kuwa hivi tu: "Hisabati, darasa la 4: jina la kitabu, sura ya 5 hadi 9, sehemu, desimali na vipimo." Kisha unataja nani atafundisha, yaani wewe, na tarehe utakazoleta ripoti.

Masomo ni mengi kuliko ya Texas. Kwa darasa la 1 hadi la 6 kuna hesabu, kusoma, tahajia, kuandika, Kiingereza, jiografia, historia ya Marekani, sayansi, afya, muziki, sanaa na mazoezi ya viungo. Kwa umri wote kuna pia uzalendo na uraia, madhara ya pombe, dawa za kulevya na tumbaku, usalama barabarani pamoja na wa baiskeli, na kuzuia moto. Nimeona mipango mizuri ikirudishwa kwa sababu mama alisahau moto na baiskeli. Viandike. Somo moja la jioni kuhusu kengele ya moshi na namna ya kutoka nyumbani usiku linatosha kuanzia, na kwa kweli kila mtoto anapaswa kulijua.

Saa za mwaka ni 900 kwa darasa la 1 hadi la 6, na 990 kuanzia la 7. Kila robo mwaka unapeleka ripoti ya saa mlizosoma, mada mlizomaliza, na alama au maelezo ya maendeleo. Kama mmemaliza chini ya asilimia 80 ya mlichopanga, unaeleza kwa nini. Theluji, ugonjwa, baba kwenda vitani, zote ni sababu za kweli. Andika tu kama zilivyo.

Mwisho wa mwaka kuna upimaji. Kwa darasa la 4 hadi la 8 mtihani unatakiwa walau mara moja katika kila miaka miwili, na mwaka usio wa mtihani unaweza kuleta maelezo ya maandishi ya mwalimu mwenye leseni. Matokeo yanakubalika ikiwa mtoto amewashinda zaidi ya 33 kati ya kila wenzake 100 kwa vipimo vya taifa, au ameonyesha amesonga mbele mwaka mzima tangu mtihani uliopita. Asipofikia hapo, hanyang'anywi mtu mtoto. Mpango wako unawekwa chini ya uangalizi, unaoweza kufika miaka 2, ili umwinue. Wala New York haikudai wewe uwe na cheti cha ualimu.

Mpango wako ukiwa na upungufu, wilaya lazima ikueleze kwa maandishi, nawe una siku 15 za kurekebisha. Wakiukataa bado, unaweza kupeleka malalamiko kwa bodi ya wilaya, na kutoka hapo kwa kamishna wa elimu wa jimbo ndani ya siku 30. Hiyo ni haki yako, na haipungui kwa sababu una lafudhi au kwa sababu utakuwa Fort Drum miaka mitatu tu.

Kitinda mimba mwache apumue. New York humhesabu mtoto aliyefikisha miaka 6 kabla ya kwisha kwa tarehe 1 Desemba. Wako anafikisha Machi, kwa hiyo elimu ya lazima itamwanza Septemba inayofuata. Barua yake ni ya kabla ya tarehe 1 Julai.

Sasa hofu ya mwenzako wa tatu. Hofu hiyo haikutoka hewani. New York ina kosa la kutelekeza elimu ya mtoto, na taarifa ikipigwa, idara ya ulinzi wa watoto huanza uchunguzi ndani ya saa 24 na ina siku 60 za kumaliza. Ila tazama taarifa hizo huzaliwa vipi. Familia inafika, bado iko kwenye nyumba ya wageni ya kambi, mama amechoka, anawaandikisha watoto shule ya umma "kwa wiki mbili tu". Nyumba ikipatikana wanarudi kusoma nyumbani bila kuandika chochote. Shuleni majina bado yapo kwenye daftari. Siku moja hayupo, siku tano hayupo, siku kumi na tano hayupo. Mwalimu anayeona hivyo ana wajibu wa kisheria kutoa taarifa, na mimi nisingemlaumu.

Kwa hiyo, ama waandikishe kwa nia ya wao kusoma huko, ama usiwaandikishe kabisa. Ukiwaandikisha kisha ukabadili mawazo, peleka barua ya kuwaondoa siku hiyo hiyo pamoja na barua ya kusudio. Na ikitokea mtu wa idara amebisha hodi, mpokee kwa heshima, muulize taarifa inasema nini, mwonyeshe mpango na ripoti zako, kisha piga simu ofisi ya msaada wa sheria ya kambini. Mwanajeshi na familia yake hushauriwa na mawakili wa ofisi hiyo bila malipo. Si kila mara wataweza kusimama nawe katika mahakama ya jimbo, lakini watasoma barua kabla hujaijibu, na hilo peke yake limeokoa watu.

Nimefika kwenye makaratasi. Mama mmoja niliyemshauri miaka ya nyuma alikuwa na kila kitu: madaftari ya mahudhurio, matokeo ya mitihani, vyeti vya chanjo, vyote vimepangwa kwenye faili jekundu. Wapakiaji walipokuja, faili likaingia kwenye katoni pamoja na sufuria, na katoni likaingia kwenye lori. Lori lilichukua zaidi ya mwezi. Alikaa hotelini akiandika mpango wa masomo kwa kukumbuka kichwani, akiniambia kwa simu kwamba anaona rangi ya faili lakini haoni kilichomo. Tulifika salama, ila alilia sana wiki ile, na hakustahili.

Faili lako lisafiri nawe, chini ya kiti chako garini. Liwe na nakala ya oda, vyeti vya kuzaliwa, chanjo, orodha ya vitabu mlivyotumia Texas, na kazi chache za kila mtoto zenye tarehe. Texas haikukudai rekodi, najua. Anza leo hata hivyo, kwa daftari la kawaida: tarehe, saa, somo. Huyu wa miaka 12 atakayetaka siku moja kuingia sekondari ya umma atakushukuru kwa daftari hilo. Piga picha kila ukurasa uhifadhi kwenye simu. Weka humo pia cheti chako mwenyewe cha sekondari, hata kama ni cha KCSE au cha kidato cha nne. New York haitakiuliza, lakini North Carolina, Virginia na Pennsylvania huuliza elimu ya mzazi anayefundisha, na jeshi halikwambii mapema litakupeleka wapi baadaye.

Barua zote za New York zipeleke kwa posta ya rejesta yenye kadi ya kijani ya kurudi, ile inayosainiwa na mpokeaji. Siyo green card ya uhamiaji. Hii ni karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Ikirudi kwenye sanduku lako la barua na saini ya karani na tarehe, ibane kwenye faili. Siku mtu akikwambia hatukupokea, unamwekea kadi mezani.

Matatu ya haraka. Mkiwa kundi la akina mama mnaosaidiana, New York inaruhusu watoto wafundishwe pamoja masomo kadhaa, lakini si sehemu kubwa ya masomo yao. Na watoto wanaosomeshwa nyumbani hawaruhusiwi kuchezea timu za mashindano za shule za umma huko, kwa hiyo huyu mkubwa kama anapenda soka mwandikishe kwenye michezo ya vijana ya kambini. Na ikiwa baada ya Fort Drum mtapelekwa Ujerumani, ambako raia wa nchi hiyo hawaruhusiwi kusomesha nyumbani, usihofu: familia za jeshi la Marekani huendelea, na sheria ya shirikisho inawapa watoto hao nafasi ya kutumia maktaba, michezo na hata masomo ya shule za Wizara ya Ulinzi za huko bila kuandikishwa.

Barua ya kwanza iandike wiki hii, ukiwa bado Killeen na akili imetulia. Acha wazi nafasi tatu: jina la wilaya, anwani yenu, na tarehe ya kuanza masomo. Mkikabidhiwa funguo za nyumba Fort Drum, jaza hizo tatu kwa kalamu kabla hamjafungua katoni la kwanza, piga picha, na baba akienda kuripoti kikosini aipitishe posta.